Ubao wa Fundi Alto

Watu hucheka nikijiita mstaafu. Nina miaka thelathini na moja, meno yote yapo, na mvi bado sijaiona hata moja. Lakini kazi yangu imekwisha, na mtu ambaye kazi yake imekwisha huku yeye bado anaipenda, sijui nimwite jina gani lingine. Nimesikia mradi mwingine unakuja ukanda wa ziwa na unatafuta vijana wa kupima watoto. Nawaandikia ninyi mtakaochukuliwa. Kuhusu vyeo sina la kusema; nilianza mpimaji nikamaliza mpimaji. Kuhusu posho mtaambiwa na wenyewe.

Mimi ni Egno, mtoto wa wakulima wa kahawa na mahindi huku juu, Mbinga. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja, akanirudishia karatasi, akachukua jembe akaenda shambani. Ndoto nilikuwa nazo nyingi. Nilitaka kuwa mtangazaji wa mpira, kisha rubani, kisha mwenye hoteli ya kuku wa kuchoma karibu na stendi. Siku moja baada ya misa likasomwa tangazo kwamba mradi wa utafiti wa lishe unataka watu wanaojua kusoma namba, wanaoweza kukaa juu ya pikipiki siku nzima, na wasiochoshwa na kelele za watoto. Nikajiona nimetajwa jina.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza. Mkoa wetu unalima chakula hadi unalisha mikoa mingine, na bado watoto wake wengi ni wafupi kuliko umri wao. Huku juu tuna mahindi na maharage, kule chini ziwani wana muhogo na samaki, na pote pawili kuna udumavu. Watafiti walitaka kujua hivi: ukisaga usipa, wale samaki wadogo wanaoanikwa ufukweni, ukauchanganya kwenye uji wa mtoto kila siku, je, mtoto atarefuka? Vijiji vingine vilipewa unga wa usipa mwanzoni, vingine vikasubiri zamu yao. Sisi tulipita kila mwezi kupima watoto na kuuliza wamekula nini.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Gaudensia. Alikuwa amestaafu zahanati, mwanamke mnene, mpole, mwenye kikohozi ambacho alikitumia kama breki. Ukitaka kusema jambo la kijinga mbele ya watu, anakohoa. Siku ya kwanza, kule chini ziwani, alining'iniza mizani kwenye boriti, akatundika pakiti ya sukari ya kilo mbili.

"Kila asubuhi, kabla ya mtoto yeyote," akasema. "Mizani nayo huamka vibaya kama mtu."

Tulifanya hivyo kila asubuhi, mpaka tukaanza kuona mizani inapunja. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi. Nikataka kupiga simu Mbinga waniletee nyingine. Mama Gaudensia akakohoa, akaifungua pakiti kwa chini, akanionyesha tundu lililozibwa na gundi ya karatasi. Dereva wetu alikuwa akinywa chai nzuri sana wiki ile. Tangu siku hiyo tukahamia kwenye jiwe. Nanyi tafuteni jiwe.

Somo la pili lilikuwa la kuuliza chakula. Dodoso linakutaka uulize mtoto amekula nini tangu jana asubuhi, na uandike kila kitu. Mimi nilisimama mlangoni na kishikwambi changu mkononi, nikauliza kama askari wa barabarani. Mama wa watu akanitajia nyama, maziwa na mayai. Nikafurahi, nikaandika. Tulipotoka Mama Gaudensia akaniuliza, "Umeona kuku hata mmoja pale?"

"Sikuona, Mama."

"Umeona mafiga yana majivu ya leo?"

"Hapana."

"Basi amekukirimu. Hana cha kukupa, amekupa maneno. Kaa chini kwanza, Egno. Salimia, saidia kumenya muhogo, uliza habari za shamba. Kile kidubwasha kifungue mwishoni. Usiandike njaa ya mtu huku anakutazama."

Na alikuwa na sheria nyingine moja, ambayo aliirudia mpaka nikaweza kuisema usingizini: andika unachokiona, usiandike unachokipenda. Mtoto akisogea kidogo tu katika kipimo chake, moyo unakutuma umuongezee kidogo ufurahi wewe na afurahi mama yake. Usimuongezee. Kule mbele kuna mtu atakayeiamini namba yako.

Kifaa kikubwa kuliko vyote ni ubao wa urefu. Una vipande viwili vinavyounganishwa. Mtoto mdogo hulazwa juu ya kipande kimoja, kichwa kikagusa kibao cha mwisho, kisha unasukuma kibao kingine hadi kwenye nyayo na kusoma namba. Mtu mzima unamuungia kipande cha pili, na kawaida anapimwa amesimama. Ule tuliopewa na mradi ulikuwa mweupe, mwepesi, umetoka mbali. Mama Gaudensia hakupenda kulaza mtoto juu ya kitu kikavu. Alitandika kwanza kitenge chake cha zamani cha kijani chenye picha za korosho, akikilainisha kwa kiganja, ndipo anampokea mtoto.

Ubao ule mweupe haukumaliza mwaka. Tulikuwa tunateremka kutoka Kitai, mimi nyuma ya pikipiki, ubao nimeufunga kwa mpira. Mpira ukakatika kwenye tuta, na nyuma yetu ulikuwa unakuja msururu wa malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Lori la kwanza lilijitahidi kukwepa. La pili halikuona sababu.

Daktari wetu, yaani yule mtafiti kiongozi, alikuwa mtu mwema kutoka mkoa mwingine. Akasema kuleta ubao mpya kutachukua miezi, na mwezi usiopimwa haurudi. Tumtafute fundi mzuri wa huko huko, yeye atakuja kuukagua kwa vipimo vyake. Fundi mzuri wa ufukwe wote alikuwa mmoja, Alto. Alitengeneza milango, vitanda na mitumbwi ya mbao. Na kwa kuwa watu hawaachi kufa, alitengeneza majeneza pia.

Alto aliupenda ule ubao kuliko kazi zake zote za mwaka ule. Aliuchonga kwa mninga, akaupiga msasa mpaka ukawa kama shavu la mtoto, akaupaka vanishi mara mbili. Daktari akaja, akapima, akasema umekaa sawa kabisa. Alipoondoka, Alto aliona tunavyohangaika kuubeba. Akatuonea huruma. Mimi na dereva tukiwa tunakunywa chai kwa jirani, akaufungia vishikio vinne vya shaba, viwili kila upande.

Mimi kwetu juu mazishi mengi niliyokwenda majeneza yalibebwa mabegani, sikuzoea kuangalia vishikio. Nikashukuru sana. Mama Gaudensia siku ile alikuwa hayupo, amepanda Mbinga kwa shemeji yake mgonjwa. Basi nikaenda na ubao wangu mpya kijiji cha jirani, nikaupitisha katikati ya soko nikiushika kwa vishikio, natabasamu.

Kina mama waliacha kuongea. Nilidhani wanashangaa uzuri wake.

Walioletwa siku ile walikuwa wachache. Mmoja wa walioleta alikuwa Bibi Anastazia, na wajukuu zake mapacha, Kulwa na Doto, wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mama yao alikuwa Ngaka akipikia madereva wa malori. Baba yao sijawahi kumwona. Bibi aliishi kwa kuanika usipa wa watu. Alikuwa mrefu, mrefu hasa, mwanamke wa kuinama akiingia milangoni, na mcheshi. Kila mwezi alikuwa ananiuliza swali lile lile.

"Wewe kijana, mke huna, mtoto huna. Hawa unaowapima unawapeleka wapi?"

"Nawapeleka mbele, Bibi."

"Mbele wapi? Mbele ni ziwa."

Nami nilikuwa namwambia Kulwa atakuwa golikipa na Doto mshambuliaji, na mimi nitawatangaza redioni. Alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. Nikimuuliza wamekula nini alinijibu kweli: uji, ugali wa muhogo, kisamvu, usipa kidogo. Nikimuuliza na yeye, kwa kuongeza tu mazungumzo maana dodoso halikumuuliza bibi, alisema, "Mimi samaki sipendi." Tulicheka sana, mimi na yeye. Mtu amezaliwa ufukweni, ananuka usipa mikono yote miwili, samaki hapendi.

Siku ile ya ubao mpya hakucheka. Alitazama vishikio, akanitazama mimi, akamlaza Kulwa kwa sababu alikuwa amezoea kuniamini. Doto alikuwa amelala mgongoni, Bibi akasema tumuache, tutampima mwezi ujao.

Kulwa alishikwa na homa wiki ile ile. Homa ya ghafla, yenye degedege. Bibi alimbeba hadi zahanati kwa miguu, na zahanati wakatafuta usafiri wa kumpeleka mbele, na usafiri ulipofika mtoto alikuwa ameshatulia moja kwa moja. Malaria, walisema. Hakuna ubao unaoleta malaria. Najua mimi, mnajua ninyi, na nadhani Bibi naye alijua. Lakini Alto alipofika msibani na futikamba yake, wanawake waliokaa mkekani walisema kwa sauti ya kusikika, "Ya nini tena? Alishapimwa."

Mama Gaudensia aliporudi aliona vishikio kabla hajanisalimia. Tulikwenda kwa Alto pamoja.

"Alto, mwanangu. Hivi vishikio ni vya nini?"

"Vilibaki, Mama. Vya jeneza la yule mwalimu, walitaka sita, nilinunua kumi. Shaba safi hiyo. Nikawapa bure."

"Umetupa bure," akasema Mama Gaudensia, akakaa juu ya gogo, akafunika uso kwa kanga. Alto alimtazama, akautazama ubao, na hapo ndipo alipoelewa. Alichukua bisibisi akavifungua kimoja kimoja, akaziba matundu kwa nta ya mshumaa na vumbi la mbao. Ukipitisha kidole unayasikia mpaka leo.

Mwezi uliofuata tulikaa tangu asubuhi kwenye baraza la ghala la pale sokoni, tulipozoea kupimia. Jiwe letu tulilipima, kitenge tulikitandika. Hakuja mtu. Tulimwona mama mmoja akipita na mtoto mgongoni, na alipofika usawa wetu alivuta kanga akamfunika mtoto kichwa, kama mtu anayepita kwenye mvua.

Nilikuwa na wasiwasi na Doto. Mara ya mwisho tulipompima, kabla ya ubao mpya, mkono wake ulikuwa umesoma njano kwenye utepe wa kupimia, ile rangi inayosema angalieni. Tukaenda kwa Bibi. Tulimkuta kwenye vichanja anageuza usipa, na Doto amekaa chini kivulini. Hakulia kutuona, hakucheka, hakufukuza nzi aliyekuwa mdomoni. Nywele zimekuwa nyekundu. Miguu imevimba, inang'aa. Mama Gaudensia alipiga magoti, akabonyeza unyayo kwa kidole gumba taratibu, akaachia. Shimo la kidole likabaki pale pale.

Ninyi mtafundishwa jambo hili darasani kwa picha. Mkiliona kwa macho, msimwambie mama "mtoto ana utapiamlo mkali" kama mnasoma risiti. Mama Gaudensia alisema tu, "Shikamoo, Bibi," ingawa Bibi alimzidi miaka michache tu.

"Marahaba."

"Huyu tumpeleke hospitali, Bibi. Wana maziwa ya dawa, wana chakula dawa. Watamnyanyua. Lakini kila kitu kule wanatoa kwa kipimo cha mtoto. Wataanza kwa kumpima."

"Mmoja mmeshampima," Bibi akasema, anageuza usipa. "Huyu niachieni bila kipimo."

Nikafungua mdomo. Mama Gaudensia akakohoa. Nikafunga.

Yeye alivua viatu, akasimama upande wa pili wa kichanja, akaanza kugeuza usipa. Waligeuza kichanja chote kimya, wakahamia cha pili. Mimi sikujua nifanye nini, nikakaa chini na Doto, nikaanza kumtangazia mpira kwa sauti ndogo, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Doto anapokea pasi, Doto anamtoka beki, Doto bado Doto. Hakunitazama. Ila nilipofika golini nikanyamaza, alisogeza kidole chake kwenye goti langu, kama kuniambia malizia.

Bibi aliona. Akasema bila kutugeukia, "Kulwa ndiye alikuwa golikipa."

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa huyu atamfunga nani?"

Nililia pale chini kama mtoto, mfanyakazi wa mradi mwenye fulana ya mradi. Hakuna aliyenicheka. Mama Gaudensia alimaliza kichanja chake, akanawa mikono, tukaondoka bila kuomba tena. Njiani nikamuuliza kwa nini hakumsisitiza. Akasema, "Nimemsisitiza. Wewe ulikuwa unalia, hukusikia."

Asubuhi yake ilikuwa siku ya gulio. Tulifungua baraza kama kawaida, watu wamejaa sokoni wakitutazama kwa mbali. Bibi Anastazia akaja amembeba Doto mgongoni. Akampa Mama Gaudensia amshike. Kisha akaniambia kwa sauti ya watu wote, "Ungia hicho kipande kingine. Unilaze."

"Bibi, mtu mzima anapimwa amesimama."

"Kulwa alisimama?"

Nikaunga vipande, nikavilaza chini. Alijinyoosha juu ya kitenge cha korosho, mikono ubavuni, macho anatazama paa. Nilimgusisha kichwa, nikanyoosha magoti yake, nikasukuma kibao hadi kwenye nyayo. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nikasoma namba kwa sauti. Alikuwa mrefu kuliko mimi.

Aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akawageukia wale wanawake.

"Nimekufa?"

Wanawake walitazamana.

"Nauliza. Nimekufa?"

"Hujafa, Bibi," Alto akasema. Alikuwa amesimama nyuma ya watu na kofia mkononi.

"Basi ubao ni ubao." Akanigeukia mimi, na sasa sauti yake ilishuka. "Na huyu mpime. Lakini tuahidiane, Egno. Siku yangu ikifika, uje wewe na ubao huu. Unipime nao mbele za watu, waone tena kwamba ni mbao tu. Alto asinishike. Mkono wake mzito."

"Sasa Bibi, mimi nitafanya kazi gani?" Alto akauliza.

"Wewe utapiga misumari."

Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka na machozi. Tulimpima Doto, na mchana ule gari la mradi likawapeleka hospitali yeye na Bibi. Mama yake aliteremka kutoka Ngaka, akamkuta anakunywa maziwa ya dawa kijiko kwa kijiko. Uvimbe uliposhuka alionekana mwembamba kama kijiti, tukaogopa zaidi, ila manesi walisema ndivyo inavyokuwa. Siku aliyopigana na nesi kumnyang'anya pakiti ya chakula dawa, Mama Gaudensia alipiga vigelegele wodini, akaonywa.

Watoto wakarudi kwenye baraza mmoja mmoja. Miaka ikaenda. Doto alipimwa kila mwezi, akapanda, akashuka wakati wa mvua, akapanda tena. Kuna kesi nyingine nyingi ningeweza kuwaandikia, lakini nikianza kuzifikiria zote zinaishia kwenye kile kichanja.

Mwisho mradi ulifunga. Daktari aliita mkutano wa mrejesho, akasema ukweli bila kupamba: watoto waliokula unga wa usipa walikuwa na damu nzuri zaidi kidogo, lakini urefu haukutofautiana kama tulivyotumaini. Alisema urefu wa mtoto unaanza tumboni kwa mama, na katika maji anayokunywa, na homa zinazomrudia, na kwamba unga peke yake hauwezi kubeba vyote hivyo. Naye alikuwa ameota. Mzee mmoja aliuliza kama usipa tuliokuwa tunawaletea umesagwa ni ule ule wanaouuza wao ufukweni kwa wachuuzi wa Mbinga na Songea. Daktari akasema ndiyo. Mzee akatikisa kichwa, akakaa. Hakusema kwa ubaya. Wanauza usipa wanunue mahindi, sisi huku juu tunauza mahindi tununue usipa, na katikati ya biashara hiyo watoto wa pande zote mbili wanabaki wafupi. Mimi si msomi, siwezi kuifumbua. Naiacha mikononi mwenu.

Gari lilikusanya mizani na vishikwambi. Ubao haukutakiwa, kwa kuwa haukutoka kwao. Nikaja nao nyumbani Mbinga, nikauegesha nyuma ya kabati. Mama Gaudensia naye yupo hapa mjini, ana presha, amekatazwa chumvi, na anawalaumu manesi wanaomhudumia kwamba hawajui kusalimia. Alinipa kile kitenge. Alisema kimemchosha.

Msimu huu wa kahawa, nikiwa kwenye mashine ya kukoboa na baba, simu iliita. Alto. "Egno. Bibi ameondoka asubuhi hii. Amekutaja."

Niliufunga ubao nyuma ya pikipiki kwa kamba mbili. Njia nzima nilikuwa nageuka kuangalia kama upo.

Waliokuwa ndani walinipisha. Doto yuko darasa la tatu sasa, miguu mirefu, amesimama karibu na kitanda na mama yake. Nilitandika kitenge, tukamlaza Bibi tukiwa wanne, na hatukuhitaji wanne. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa usipa mkavu. Nilimgusisha kichwa, nikanyoosha magoti, nikasukuma kibao. Kikapita pale nilipokitegemea kisimame. Kikaendelea. Namba ile ya siku ya gulio ninaikumbuka, na hii haikuwa ile. Vidole vitatu, karibu vinne, havikuwepo.

Wazee hupungua, mgongo hukaa. Mama Gaudensia aliwahi kuniambia. Lakini nilitazama mikono yake, nikamuuliza Doto, si kwa dodoso, nilimuuliza tu, "Bibi alikuwa anakula nini siku hizi?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi. Samaki alikuwa ananipa mimi." Akafikiri kidogo. "Yeye alikuwa hapendi samaki."

Mama yake akageukia ukutani.

Miaka yote ile tulipima nyumba ile kila mwezi, na kila mwezi tuliandika namba ya yule anayeongezeka. Dodoso halikuwa na mstari wa Bibi. Mkipewa dodoso lenu, angalieni kama mstari huo upo. Kama haupo, ulizeni hata hivyo, na mkijibiwa samaki sipendi, msicheke kama nilivyocheka mimi.

Alto alikuwa mlangoni, penseli sikioni, kipande cha ubao mkononi tayari kuandika. Hakuingia, alikuwa anatimiza sharti la Bibi.

"Ngapi?" akaniuliza taratibu.

Mama Gaudensia asingekubali, na ninyi msifanye hivi kazini. Nilimtajia ile namba ya siku ya gulio.

Aliandika, akaitazama, akanitazama mimi. Yeye ni fundi. Jicho lake linajua. Akarudisha penseli sikioni akaenda kupasua mbao.

Jioni tulipomlaza ndani, ilibaki nafasi miguuni. Mama yake Doto alikikunja kile kitenge cha korosho mara nne, akakisukuma pale, nyayo zikakaa vizuri. Kisha Alto akapiga misumari.